Lindo la Bibi na kasha la mkate

Januari mwaka jana Mama alinipigia simu kutoka Kigwa, mvua ikipiga bati nyuma ya sauti yake, akaniomba kitu ambacho hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuniomba. Alitaka kasha la mkate. Alikuwa ameliona kwenye simu ya jirani: la bati linalong'aa, lenye mlango wa kuvuta kwa juu, limewekwa juu ya meza ya jikoni ya watu fulani wenye vigae ukutani. "Kariakoo hayakosekani," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila tafuta lenye kufuli."

Nikauliza kufuli ya nini. Nyumbani wako watu wanne tu: yeye, wadogo zangu wawili wanaosoma, na Bibi, mama yake marehemu baba. Mama akasema panya wamezidi. Nikamwambia panya hawafungui milango. Ndipo akashusha sauti, kama mtu aliyesimama karibu na dirisha la wengine: "Bibi yako anaficha mkate."

Mkate unafika Kigwa kutoka Tabora mjini, kwa basi au kwa bodaboda. Mama hununua mkate wa slesi mara mbili kwa wiki, watoto wapate cha kutia tumboni kabla ya kwenda shule. Tangu Desemba slesi zilikuwa zinapungua usiku, mbili leo, tatu kesho. Aliwashuku watoto, akawachapa kwa maneno. Siku moja alipokuwa akitafuta kanga ya Bibi ya kufua, akafunua lindo lililo miguuni mwa kitanda. Chini ya kanga kulikuwa na slesi za mkate zilizopangwa kama karata, zimeota ukungu wa kijani, nyingine nyeusi. Alizihesabu. Zilikuwa ishirini na sita.

"Sasa mwambie wewe," nikasema.

"Nimwambie nini mimi? Yule ni mkwe wangu. Niende nikamwambie anaiba chakula kwenye nyumba ya mwanawe? Wewe ni mke mwenzake. Kaseme naye."

Ni kweli. Tangu nikiwa mdogo Bibi huniita mke mwenzangu, kwa sababu babu alikuwa mume wetu sote wawili, na kwa utani huo naweza kumwambia mambo ambayo Mama angeyasema angeonekana amekosa adabu. Lakini nilikuwa Dar es Salaam, nasoma mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia, na utafiti wangu ulihusu njia ya misafara iliyopita kijijini kwetu. Nikaahidi kutafuta kasha. Kuhusu kufuli sikusema kitu.

Lazima nilieleze lindo, maana wasomaji wengi wa umri wangu wanalijua neno hilo kwa maana ya zamu ya mlinzi tu. Lindo la kwetu ni chombo cha gome la mti, cha mviringo kama ngoma, chenye kitako na mfuniko. Likiwa dogo huitwa kilindo. Gome linatolewa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji na gome likiachia kwa urahisi. Fundi hukata mduara juu na mduara chini, akapasua mstari mmoja wa wima, kisha akalibandua gome zima kama anamvua mtu shati. Hulipara upande wa nje, akalikunja, akalishona kwa nyuzi za magome. Miti yenyewe ni ile ya misitu ya kwetu, mtundu na miyombo. Wanasayansi walipotafuta jina la misitu hii inayoanzia Tanzania hadi Angola, walichukua hilo hilo la miombo. Kwa gome la miti hiyo hiyo watu wa Tabora hutengeneza mizinga ya nyuki. Ukiona mti umesimama uchi msituni, umebaki mwekundu kisha ukafa, ujue kuna mtu alipata mzinga au lindo.

Lindo la Bibi lina kimo cha goti langu. Alipewa alipoolewa. Rangi yake imekuwa ya kahawa iliyokolea kwa moshi na mikono, na mshono wake umerudiwa mara mbili kwa waya wa umeme.

Kabla ya kwenda Kariakoo nilifanya kile ambacho wanafunzi wa historia hufanya wanapopewa kazi ya kununua kitu. Nilikwenda maktaba.

Kigwa imo katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Ilikuwa kituo cha mwisho mwisho kwa mtu anayetoka pwani: ukishapita Rubuga, unafika Kigwa, halafu Unyanyembe, ambako Waarabu na Wanyamwezi walifanya biashara mahali palipoitwa Kaze, na ambako leo ni Tabora. Richard Burton na John Hanning Speke walipita kwetu wakaingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton alikaa pale zaidi ya mwezi mmoja, akaandika juu ya kila alichokiona, kuanzia vyakula na bei hadi ndoa na vyombo, na maoni yake juu ya watu wetu nayasoma nikiwa nimekunja uso. Lakini jicho lake kwa vitu lilikuwa kali. Vyombo vya gome la miyombo vimo katika maelezo yake, na msomaji wa Kigwa hahitaji picha kuvitambua.

Msafara ulikuwa tumbo linalotembea. Watu mia, mia tatu, wakati mwingine zaidi, na kila mmoja alitegemea posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambacho ni kama gramu mia saba. Fanya hesabu kwa wapagazi mia tatu wanaopumzika siku tatu: ni zaidi ya kilo 600 za mtama au mahindi, kutoka kijiji kimoja, kwa malipo ya merikani, kaniki na shanga. Nafaka hiyo ilitoka kwenye vihenge na malindo. Wanahistoria wameandika sana juu ya pembe za ndovu na watumwa waliopita njia hii, na ilikuwa lazima waandike. Lakini wakulima wa kando ya njia, hasa wanawake, walikuwa wakifanya uamuzi mwingine kila msafara ulipotokea: tuuze kiasi gani, na kiasi gani kisionekane. Mfuniko wa lindo ulikuwa na kazi kabla hata panya hajafika.

Kisha vita vikaja. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe alitofautiana na Waarabu juu ya ushuru, akaondolewa kwenye kiti, akapigana nao kwa miaka katika muongo wa 1860. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa. Niliposoma ukurasa huo nilitazama tena jina la kijiji changu, kama mtu anayeona jina la nduguye kwenye orodha ya hospitali. Sijawahi kumsikia mtu yeyote Kigwa akiusimulia uharibifu huo kwa jina na mwaka. Ninachokijua kutoka kwa wazee ni tabia. Usiweke chakula chote mahali pamoja. Mgeni asioneshwe kihenge. Chakula kilichokauka ni cha kwako, kibichi ni cha yeyote anayepita.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mkate wenyewe. Kwa Kiswahili cha zamani mkate haukuwa lazima uwe wa ngano. Kulikuwa na mkate wa tumbaku, yaani tumbaku iliyogandamizwa pamoja, na pwani mkate wa mofa ulikuwa wa mtama. Ngano ilifika kwetu na Waarabu. Waliilima Unyanyembe kwa ajili ya meza zao, ndani ya uzio wa tembe zao, na mpagazi aliyekula ugali hakuhesabiwa katika karamu hiyo. Livingstone, baada ya kuachana na Stanley Machi 1872, alikaa Kwihara hadi Agosti akisubiri watu wa kubeba mizigo yake, na katika shajara yake ameandika kwamba alitengeneza jibini za kubeba safarini. Nilifurahi kuisoma habari hiyo. Hata yeye, kwa miezi yote ile, shida yake ilikuwa ya jikoni: kitu kibichi ukifanyeje kisioze.

Na yeye mwenyewe mwishowe akawekwa ndani ya gome. Alipofariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakaufunga kwa kitambaa, wakaumenya mti gome lake kwa mviringo na kumlaza humo, kisha wakashona turubai juu yake. Walifika Unyanyembe Oktoba. Verney Lovett Cameron, aliyekuwa pale, alipendekeza azikwe hapo hapo. Wale watu walikataa. Walipofika Kasekera, kwenye njia ya kwenda pwani, wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Basi wakafanya ujanja. Waliutoa mwili kwenye gome usiku, wakaufunga upya kama mtumba wa kawaida wa kitambaa. Halafu wakafunga mabua yaliyokatwa kwa urefu wa mtu, wakayavika nguo, wakawatuma wenzao wayarudishe Unyanyembe mbele ya macho ya wote, kana kwamba wanakwenda kumzika bwana wao. Njiani waliyatawanya mabua porini. Mtumba ukapita bila mtu kuuliza, ukafika Bagamoyo Februari 1874.

Nimeisikia hadithi hii ikisimuliwa kama habari ya uaminifu tu. Mimi naiona pia kama habari ya watu waliojua chombo kinasema nini. Gome refu la mviringo, lenye urefu wa mtu, hata mtoto angejua ndani kuna nini. Mtumba wa kitambaa ulikuwa kitu kilichopita kila siku. Wale hawakuongeza kufuli. Walibadilisha chombo.

Naam, kufuli. Jumamosi moja nikaenda Kariakoo.

Makasha ya mkate yapo. Muuzaji mmoja alinionesha matatu: la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la mbao lenye mlango wa kuvuta, na la chuma kisichoshika kutu lenye mlango wa kuviringika, lile lile la kwenye simu ya jirani. Lenye kufuli hakuwa nalo. "Dada, nani anaiba mkate?" akaniuliza, akacheka. Bei ya lile la chuma ilikuwa shilingi 45,000, ambazo kwa mwanafunzi ni chakula cha zaidi ya wiki. Nikarudi hosteli bila kitu, nikaanza kusoma tena, safari hii juu ya mkate kuchacha na kukauka.

Nilidhani mkate unakuwa mgumu kwa sababu unapoteza maji. Sivyo, au sivyo tu. Mwaka 1852, miaka mitano kabla ya Burton kupita Kigwa, mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionesha kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukifungiwa mahali ambapo maji hayawezi kutoka, na kwamba ukiupasha moto unarudi kuwa laini. Wanga ndani yake hujipanga upya na kukaza. Baridi ya friji huharakisha jambo hilo, ndiyo maana mkate wa friji huwa kama sifongo kavu baada ya siku moja. Ukungu nao unataka unyevu na joto. Kwa hiyo kasha la mkate ni mapatano. Likibana sana, mvuke wa mkate wenyewe unabaki ndani na ukungu unaota. Likiachia sana, ganda linakuwa jiwe. Yale mazuri yana matundu madogo nyuma, na hata hayo yanakupa siku mbili tatu tu. Hakuna kasha linalouweka mkate wiki mbili.

Watu wa pwani walilijua hili bila Mfaransa. Kawa la ukili, lile la kufunikia sahani, huzuia nzi na kupitisha hewa. Jamanda, kikapu kigumu chenye mfuniko, vivyo hivyo. Kinamama wanaouza chapati na maandazi barabarani wana kabati la kioo lenye wavu upande mmoja. Kioo ni cha mteja, wavu ni wa mkate. Kwetu bara chombo cha aina hiyo kilikuwa lindo, kwa sababu gome linapumua. Kilichokiua ni debe. Mabati ya mafuta ya taa yalipozagaa, mtu alipata bure chombo cha lita 18 hivi ambacho panya hawezi kukitoboa, na reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kila kitu cha bati kilisafiri kwa wepesi kuliko mabega ya mpagazi. Debe likawa chombo, likawa kipimo, likawa mlango wa banda la kuku. Mpaka leo mahindi yanauzwa kwa debe. Sina kinyongo nalo. Lakini weka mkate wa moto kwenye debe, ufunike, urudi baada ya siku tatu za masika.

Baada ya kusoma yote haya niliona aibu kidogo. Nilikuwa najua sasa kwa nini slesi za Bibi ziliota ukungu: unyevu wa Januari, slesi laini, kanga juu yake. Sikujua kwa nini aliziweka. Hilo halikuwa maktaba.

Nilikwenda nyumbani mwanzoni mwa Juni. Nilikuwa nimenunua kasha, la mbao, lenye matundu nyuma, halina kufuli. Nilimpata muuzaji wa pili akanipunguzia hadi 28,000. Mama aliligeuza, akalinusa, akafungua mlango, akaufunga, akaangalia mahali ambapo kufuli ingekuwa. Hakusema kitu. Akaosha meza na kuliweka.

Juni kwetu ni kiangazi. Asubuhi baridi, mchana jua kali na upepo mkavu. Ni wakati wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vibichi, na matobolwa, vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Vikikauka vizuri hulia kama vigae ukivitikisa, na vinakaa hadi mvua nyingine na zaidi. Ndicho chakula kilichowavusha watu wa Unyamwezi na Usukuma miezi ambayo kihenge kimebaki na vumbi. Siku ya pili ya likizo nilimkuta Bibi nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, ungo uko mbele yake juani. Nilidhani ni michembe. Zilikuwa slesi za mkate. Alizikata kila moja mara tatu, kama viazi, akazipanga bila kugusana, na alikuwa anazigeuza moja moja.

Nikamwamkia, tukataniana kidogo juu ya mume wetu aliyetuacha wajane wote. Kisha nikamuuliza, "Mke mwenzangu, huu mkate unaukausha wa nini? Si ununuliwe tu mwingine?"

Akanitazama kwa muda. "Ukinunuliwa," akasema.

Nilikaa chini. Akaanza kusimulia, si kwa mpango, akirukaruka. Wakati wa Operesheni Vijiji walihamishwa kutoka walikokuwa. Lori lilikuja, wakaambiwa wapakie. Walikuwa na malindo mawili makubwa ya mtama, marefu kumzidi yeye, ambayo hayakupita mlangoni kwa sababu yalikuwa yameundwa mle mle ndani. Waliyaacha na mtama wake. Alichukua hili dogo kwa sababu lilibebeka kichwani, na ndani yake alitia michembe badala ya nguo. Huko walikopelekwa kulikuwa na miti na mstari wa vigingi. Mvua za miaka hiyo, 1973 na 1974, ziliwakosa watu wengi nchini, na serikali ilinunua nafaka nje. Walikula ile michembe, vipande vitatu kwa mtoto. Baba yangu alikuwa mmoja wa watoto hao.

Halafu ikaja miaka ya foleni. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya Marekani. Sabuni kwa zamu. Mkate aliuona Tabora mjini, siku moja, foleni imezunguka jengo. Na mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu waliogopa hata kukutwa na vitu vingi ndani. Kuna waliotupa mali usiku. Babu alimwambia atoe sukari iliyokuwa ndani ya lindo, kilo nne, aigawe kwa majirani. Aligawa mbili. Hapo Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa mwezi wa kumi na mbili," nikasema kwa uangalifu, "ile ya ndani ya lindo iliota ukungu."

"Jua halikuwepo," akasema. Hakuona haya wala hakukasirika. Lilikuwa kosa la ufundi. Alikuwa na mkate, hakuwa na jua, akaona afadhali auweke kuliko auache mezani uliwe wote siku moja na watoto wasiojua. Alinipa kipande kilichokauka tangu juzi. Kilikuwa kigumu, kitamu kidogo, kina harufu ya moshi wa jikoni. Nilikichovya kwenye chai kikalainika chote bila kumeguka.

Tangu siku hiyo nimelifikiria lile kasha la mbao kwa namna nyingine. Ni chombo cha watu walio na hakika kwamba keshokutwa mkate mwingine utakuja. Kazi yake ni kuuweka mkate uwe kama jana, kwa siku mbili. Huko Marekani, tangu mkate ulioanza kukatwa kiwandani ulipouzwa Chillicothe, Missouri, mwaka 1928, umefungwa vizuri kwa karatasi, makasha mengi yamekuwa pambo la jikoni, kwa sababu duka liko pale pale. Lindo halina hakika hiyo. Linataka kitu kilichokwisha kugeuzwa kabla hakijaingia, kilichoachana kabisa na ubichi wake. Kosa letu nyumbani, langu na la Mama na la Bibi kwa pamoja, lilikuwa kuweka mkate wa kasha ndani ya lindo.

Na kufuli ingelifanyaje jambo hilo? Ingemfanya mwanamke aliyebeba michembe kichwani, ambayo ilimlisha baba yangu, aombe ufunguo wa mkate.

Nilimwambia Mama jioni, tukiwa tunapepeta mchele. Sikumsimulia yote; mengi aliyajua, alikuwa ameolewa humo miaka ishirini na minane. Ila habari ya vipande vitatu kwa mtoto hakuwahi kuisikia. Baba hakuwahi kuisema. Aliacha kupepeta. Akauliza tu, "Naye alikuwa na miaka mingapi?" Nikasema minne hivi. Akaendelea kupepeta, na kwa muda mrefu tulisikia ungo tu.

Jumamosi iliyofuata basi lilileta mikate miwili. Mama akatia mmoja na nusu kwenye kasha. Nusu iliyobaki aliiweka kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa, akaipeleka nyuma ya nyumba, akapiga goti kama wakwe wanavyofanya. "Mama, hii ni ya kuanika," akasema. Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyetaja Desemba.

Nilirudi chuoni. Utafiti wangu una sura moja mpya kuhusu malindo na posho, ambayo msimamizi wangu anasema ni ndefu mno kuliko inavyostahili na ambayo sijaipunguza. Kasha la mbao, naambiwa, mlango wake umeanza kukwama kwa vumbi, na wadogo zangu wanaufungua kwa kisu.

Mvua zilipoanza Novemba Mama alinipigia tena. Safari hii alitaka kujua kama Kariakoo wanauza wavu wa waya, mita moja tu, wa kutundika juu ya jiko la mkaa. Jua limekuwa haba, akasema, na mkate wa Bibi haukauki.